Mkaguzi Hataki Kimya

Jumamosi, 3 Agosti

Tumefika! Naandika nimekaa sakafuni bafuni, maana ndiko pekee ninakoweza kujifungia.

Nimepanda ndege. Mimi! Nimevuka mpaka. Afisa wa pasipoti aliniuliza nimekuja kufanya nini, nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikaufunga. Nikaufungua tena. Dada akanijibia: huyu mdogo wangu, amekuja kunisaidia mtoto. Muhuri — pa! Shemeji akacheka mpaka foleni nzima ikageuka. Shemeji hawezi kucheka taratibu, wala kusalimia taratibu. Miaka kumi ya kuongea kwa kuushinda mngurumo wa mashine yake ya kusaga unga si mchezo.

"Kobe! Toa shingo bwana, hapa hawali kobe!"

Kobe ndiyo mimi. Alinibatiza wiki ile ile niliyohamia kwao baada ya mtihani wa mwisho. Sichukii. Kobe angalau ana kwake.

Mkaguzi, ndivyo tunavyomwita mtoto wao, kabla ya kulala aliwakagua abiria wote, mmoja mmoja, juu hadi chini, kama anavyowakagua wateja wa mashine nyumbani. Miezi tisa tu lakini watu wazima wanajiweka sawa shati. Halafu injini zikaanza na yeye akazimika. Safari nzima! Mhudumu wa ndege alisema hajapata kuona mtoto mwenye adabu hivyo. Dada akapokea sifa kama vile amemfundisha mwenyewe.

Na bahari nimeiona. Nilidhani itakuwa kama kwenye picha. Siyo. Picha haipumui.

Hoteli nyeupe, ndefu, ya ghorofa moja. Kila kona kuna kibao kinachoomba ukimya. Wahudumu wanatembea na viatu laini na kunong'ona. Shemeji aliwaomba tangu tukiwa nyumbani wampe sehemu iliyo kimya kuliko zote, kwa hiyo tuko mwisho kabisa wa korido, vyumba viwili vyenye mlango kati. Alipoingia aliweka mabegi chini, akanyanyua kidole.

"Sikilizeni."

Tukasikiliza. Hakuna kitu kabisa.

"Hicho ndicho nimekifuata," akasema. Kwa sauti ya chini! Sikujua anayo.

Jumapili, 4 Agosti

Mkaguzi hajalala. Kabisa. Amelia mpaka sauti ikakwama, akapumzika, akaanza upya. Dada anasema ni ugeni wa mahali.

Sikula asubuhi. Mhudumu alisimama mbele yangu na kikaratasi chake, akanisubiri. Kiingereza nimekisoma miaka yote ya shule, insha zangu zilikuwa zinasomwa mbele ya darasa — na mwalimu, si na mimi. Nikamwambia asante. Akaondoka. Shauri yangu.

Jumatatu, 5 Agosti

Leo Mkaguzi ameonja mchanga. Alichota, akautia mdomoni, akatafakari, akachota tena. Dada kakimbia na chupa ya maji. Shemeji akapiga kelele kwamba mtoto wa msaga unga lazima apime ubora wa mzigo. Tulicheka. Ndiyo raha pekee ya leo.

Usiku wa pili bila usingizi. Mchana naye dakika chache tu begani kwa Dada, ukimlaza kitandani anafumbua macho kama umemmwagia maji. Tumejaribu kumwogesha, kumkanda, kumwimbia, kumtembeza. Shemeji alifunga madirisha na mapazia, akaweka taulo chini ya mlango, sauti isiingie hata kidogo. Ndiyo kwanza akalia zaidi.

Mchana meneja alikuja mlangoni. Mrembo wa kutisha, suti haina hata mkunjo. Kwa adabu zote alisema wageni wa jirani wameuliza kama mtoto ni mgonjwa. Maana yake tumeelewa. Dada aliomba radhi mara tano. Alipofunga mlango aliegemea pale pale, akateleza mpaka chini.

Hajaingia baharini. Juzi alipokuwa anapanga begi alinionyesha nguo yake ya kuogelea, mpya, ya bluu, akasema tangu Mkaguzi azaliwe hajalala usiku mzima hata mara moja na hajafanya jambo hata moja la kwake. Anataka kuingia kwenye maji na kuelea tu. Mtu asimwite. Kwa muda wa kunywa chai tu, alisema, simuombi Mungu makubwa. Na Shemeji alimuahidi bahari tangu siku ya harusi.

Nguo bado ina karatasi ya dukani.

Jumanne, 6 Agosti

Dada na Shemeji wamegombana kwa kunong'ona. Kwao hiyo ndiyo ajabu. Nyumbani wanagombana kwa kupaza sauti na yanaisha hapo hapo, hapa ugomvi umekaa chumbani kama mgeni wa tano.

Dada alisema mtoto anateseka. Shemeji akasema basi labda tumekosea kuja. Dada akasema nani amekosea. Nikachukua taulo, nikatoka.

Jumatano, 7 Agosti

Shemeji amesema: asipolala leo na kesho, Ijumaa tunabadilisha tiketi, tunarudi nyumbani. Dada hakubisha. Angebisha ningefurahi. Aliitikia tu kwa kichwa, akaikunja ile nguo ya bluu na kuirudisha chini kabisa ya begi.

Nimeshindwa kukaa chumbani. Nikamweka Mkaguzi kwenye kigari, akilia, nikatoka naye. Mbele kuna wageni na vitabu vyao, siwezi kupita na kelele ile nikitazamwa. Nikapita nyuma. Nyuma hakuna uzuri: mapipa ya taka, kamba za kuanikia mashuka, mlango wa jikoni, na jengo fupi la kufulia.

Tulipofika kwenye jengo la kufulia alinyamaza.

Nikadhani anapumzika. Nikatazama. Macho yanalegea, yanafumba, yanafumbuka kidogo... akalala! Chali, mikono juu kama aliyesalimu amri.

Nikasimama bila kupumua. Halafu nikarudi mbio ili Dada aone muujiza. Tulipopita mapipa, akaamka. Kilio.

Nikageuza kigari. Jengo la kufulia — akanyamaza. Akalala.

Nikaenda tena mpaka kwenye mapipa. Akaamka. Nikarudi. Akalala. Maskini, nimemchezea kama swichi ya taa.

Basi nikaweka kiganja ukutani. Ukuta unatetemeka. Ndani mashine zinazungusha mashuka, gurrr-gurrr-gurrr. Nikajua nimewahi kuushika ukuta huu. Si huu. Ule wa chumbani kwa Dada, uliopakana na mashine ya unga! Wiki yangu ya kwanza kwao sikulala, kitanda kilikuwa kinatikisika hadi saa tatu usiku mashine inapozimwa. Nilimuuliza Dada wanavumiliaje ile kelele. Akaniuliza: kelele gani?

Kelele gani! Wao hawaisikii tena. Mkaguzi amezaliwa ndani yake. Alilala kwenye ndege kwa sababu ya injini, adabu wapi! Tumemtoa mtoto kwenye mngurumo wake, tumemleta kwenye hoteli ya kimya kuliko zote, kwenye chumba cha kimya kuliko vyote, tukaziba hata chini ya mlango kwa taulo. Masikini anajiuliza dunia imekwenda wapi.

Mama mfuaji akatoka kumwaga maji, akatukuta. Akaniuliza kwa ishara kama nimepotea. Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha mtoto, ukuta, mtoto. Alitazama, akaangua kicheko, akaniletea ndoo, akaigeuza juu chini nikae.

Sasa niwaambieje? Shemeji amesafiri kote huku kuukimbia mngurumo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimesema!

Asubuhi, mezani, mbele ya wote wawili. Nilikuwa nimejiandaa maneno tangu alfajiri na yote yakatoroka. Nikaanza katikati. Nikasema: hataki kimya. Dada akasema nani. Nikasema Mkaguzi, anataka mashine. Shemeji akaacha kutafuna. Nikaeleza — ndege, mapipa, ukuta, swichi ya taa. Sauti ilikuwa inatetemeka lakini ilifika mwisho wa sentensi. Kila sentensi!

Shemeji: "Kobe. Nimevuka nchi kuikimbia mashine. Unataka kuniwekea ukutani?"

Dada: "Mwache aseme."

Shemeji alisema ni bahati tu iliyotokea. Kisha akapata wazo: ampigie Mama simu. Mama yetu ndiye amebaki na mashine. Airekodi, aitume, mtoto atalala na simu kando ya mto. Kelele ndogo kwa mtoto tu, wengine tubaki na ukimya wetu. Mama akatuma. Simu ikalia ziii kama nzi aliyenaswa ndani ya kopo. Mkaguzi akaikagua simu, akaitia mdomoni, akalia.

"Haitikisi kitanda," nikasema. Sikuamini ni mimi niliyesema.

Tukaenda wote nyuma ya hoteli. Msafara! Shemeji mbele, amekunja uso. Mbele ya mapipa, kilio. Mbele ya ukuta... Akalala katikati ya kwikwi. Dada akaziba mdomo kwa mikono miwili. Shemeji akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale muda mrefu.

"Ni ile ile," akasema. "Mkanda wake umelegea kidogo, lakini ni ile ile."

Sikujua kama atacheka ama atalia. Nikaona ajabu: anaona haya. Akasema mtoto wangu ana siku tano anaililia kazi yangu, na mimi naziba mlango.

Halafu Dada akauliza swali: usiku je? Ukuta hauwezi kuhamia chumbani. Nikasema, mimi nihamie huku na Mkaguzi. Kuna chumba kimepakana na kufulia, nilikiona jana, kina kitanda na mito ya akiba imejaa mpaka dirishani. Wao wabaki na ukimya wao. Dada atakuja kunyonyesha kabla ya kulala, na alfajiri nitampelekea.

"Nani atawaomba?" Shemeji akauliza. Wote wawili wakanitazama.

Nilikwenda mwenyewe! Dada alitaka kunisindikiza, nikakataa, maana angenijibia. Nilizunguka ukumbi mara mbili nikisoma sentensi zangu kichwani. Msichana wa mapokezi akanong'ona anisaidie nini. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba ni kuhusu mashine za kufulia. Kabla sijamaliza akaanza kuomba msamaha: kelele zimetusumbua? Watatusogeza mbali zaidi.

Hapana, nikasema. Nataka karibu zaidi.

Akadhani amesikia vibaya. Nikarudia. Kwa nguvu — ikatoka kubwa mno, kama ya Shemeji! Watu waliokuwa wanasubiri funguo wakageuka. Nikahisi masikio yanawaka moto, lakini shingo sikuirudisha ndani. Nikasema: nahitaji chumba chenu chenye kelele kuliko vyote, tafadhali, ni kwa ajili ya mtoto.

Akacheka. Wa kwanza kucheka kwa sauti upande wa mbele wa hoteli hii! Akazungumza na meneja kwenye simu, akaweka simu, akasema chumba kile hawampi mgeni, ni cha akiba. Lakini kama mito itatolewa...

Mito ilikuwa mingi kama kondoo. Tumeitoa wote wanne, pamoja na mama mfuaji.

Ijumaa, 9 Agosti

Amelala. Kutoka saa moja jioni mpaka alfajiri. Mashine zilizimwa katikati na hakushtuka, kama nyumbani vile vile. Mimi ndiye sikulala, namwangalia tu kama ninayelinda benki.

Alfajiri nikagonga mlango wa vyumba vya kimya. Hakuna jibu. Nikagonga. Nikaingia. Dada amelala mdomo wazi, mkono unaning'inia, Shemeji anakoroma mpaka glasi ya maji inacheza mezani. Eti huyu ndiye aliyefuata ukimya!

Hakuna aliyetaja tiketi leo.

Asubuhi mhudumu alipokuja na kikaratasi chake nilimuagiza mayai mawili, mkate, maembe na chai. Akaandika vyote. Ni rahisi hivyo? Miaka yote hii?

Jumamosi, 10 Agosti

Dada ameingia baharini!

Karatasi ya dukani ilikatwa kwa meno, mkasi haukuonekana. Mkaguzi alikuwa amelala kwenye kigari chake ukutani, mama mfuaji akasema kwa ishara nenda, mimi nipo. Nikakimbia mpaka ukingoni nishuhudie. Dada aliingia polepole, magotini, kiunoni. Wimbi likamchapa. Akapiga ukelele — ule wa nyumbani, wa kumwita mtu ng'ambo ya mashine. Wageni wakainua vichwa kutoka kwenye vitabu. Akalala chali. Mikono ameitandaza, vidole vya miguu vimechomoza. Ameelea.

Shemeji alikaa kwenye mchanga amemshikia taulo. Nilipomtazama alisema ni upepo, unaleta chumvi machoni.

Dada alipotoka alinikumbatia na maji yake yote. Nimelowa mpaka daftari hili, ndiyo maana kurasa zimevimba. Aliniambia sikioni: "Mama mdogo, umenizaa upya." Mama mdogo! Huwa ananiita wewe.

Kilichobaki, alisema, ni kuingia na mume wangu. Wote wawili kwa wakati mmoja, bila mmoja kushika zamu ya mtoto. Tangu Mkaguzi azaliwe hawajawahi kwenda popote pamoja, hata sokoni. Nikasema kesho. Nitakaa naye mimi.

Jumapili, 11 Agosti

Wameingia. Niliwasukuma mwenyewe. Nendeni, nendeni, nikasema, mimi na ukuta tunamtosha. Wakaondoka wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Shemeji hajui kuogelea, amevaa boya la machungwa kiunoni, watu wanamtazama, hajali.

Mkaguzi akaanza kusugua macho. Nikampeleka nyuma.

Mlango wa kufulia umefungwa kwa kufuli.

Jumapili! Hawafui Jumapili! Nimelala kando ya mashine zile siku tatu na sikufikiri hata mara moja kwamba nazo zina siku ya kupumzika. Nikaweka kiganja ukutani. Umekufa. Ukuta tu.

Akaanza kunung'unika. Nikamsukuma mbio mpaka barazani mbele, ninakoweza kuwaona. Vichwa viwili kwenye maji, na boya la machungwa. Viko karibu, vinasemezana. Dada ana masikio ya mama: Mkaguzi akipasua kilio kimoja tu atatoka kwenye maji akikimbia, na raha yao itaisha. Chini ya kibao cha kuomba ukimya wamekaa wageni, saba au wanane, vitabu mkononi. Mdomo wa Mkaguzi ukaanza kujikunja. Nilikuwa na pumzi mbili, tatu.

Nikamtoa kwenye kigari, nikakaa kwenye kiti, nikamlaza kifuani, ubavu wake kwenye mbavu zangu. Nikafunga macho.

Gurrrrrrr.

Ndogo kwanza. Akasita. Anasikiliza. Haitoshi, haitetemeshi. Nikaishusha sauti yangu chini zaidi, kutoka tumboni, kubwa, mpaka mbavu zikaanza kucheza. GURRRRRRR. Kitabu cha kwanza kikafungwa. Nikafumbua jicho moja: wote wananitazama. Wote! Nikavuta pumzi, nikaanza tena.

Kichwa chake kimekuwa kizito. Naandika kwa mkono wa kulia, daftari juu ya mkono wa kiti, herufi zinatetemeka kwa sababu mimi mzima natetemeka. Jicho moja limefumba. La pili linakagua. Kule kwenye maji Shemeji amelala chali, Dada amemshika kichwa, anamfundisha kuelea. Hawajageuka.

Meneja ametoka mlangoni. Suti yake. Anakuja huku kwa viatu vyake laini, kidole ameshakiweka mdomoni. Wageni wanamtazama yeye, wananitazama mimi. Amebakiza meza mbili.

Jicho la pili linashuka. Sipunguzi. Naongeza —